Sabuni Imekataa: Kutafuta Kosa Kwenye Sabuni na Dawa za Usafi za Kujitengenezea

Sabuni ya maji ikikataa kushika, mkono wa kwanza huenda kwenye chumvi. Isiposhika, chumvi nyingine. Ikishakuwa maji matupu, mtu anaongeza rangi ili angalau ionekane na manukato ili angalau inukie. Hivyo ndivyo ndoo nzima ya lita 20 inavyoharibika, wakati kosa la mwanzo lingeondoka kwa vikombe viwili vitatu vya maji. Nimeona ndoo nyingi zikimwagwa kwa sababu hiyo, na inaniuma, maana mtu aliyeamua kujitengenezea sabuni alikuwa anatafuta kubana matumizi.

Kwa hiyo kabla ya jambo lolote: usirekebishe ndoo. Chota kikombe, kirekebishe hicho, ukipata jibu ndipo urudi kwenye ndoo. Kikombe cha mililita 250 kinaingia mara 80 kwenye lita 20. Kijiko 1 cha chai kilichoponya kikombe ni vijiko 80 vya kuponya ndoo, yaani kama mililita 400. Weka nusu yake kwanza, koroga, subiri, kisha endelea.

Uwe na mizani ndogo ya jikoni, karatasi za kupimia pH (kipimo cha asidi na alkali: 7 ni katikati, chini yake ni asidi, juu yake ni alkali), na daftari. Anayepima kwa macho anaweza kupata sabuni nzuri leo, ila kesho hatajua aliipataje.

Sabuni ya maji ni nyepesi kama maji

Hili ndilo lalamiko kubwa kuliko yote, na lina sababu zisizofanana kabisa. Kabla ya kuamua, jiulize kama sabuni imepoa. Sabuni yenye joto huwa nyepesi. Iliyokorogwa sasa hivi nayo imejaa povu linalodanganya jicho. Ifunike, ilale usiku kucha, uiangalie asubuhi.

Ikiwa asubuhi bado ni maji, chota vikombe viwili. Cha kwanza kitie kijiko kimoja cha chai cha maji ya chumvi iliyoyeyuka vizuri. Cha pili kitie vijiko viwili vya maji matupu. Koroga polepole na uvitazame.

Kikombe cha chumvi kikishika, ndoo yako ina njaa ya chumvi. Endelea kuongeza kidogo kidogo, chumvi ikiwa imeyeyushwa kwenye maji. Ukiimwaga kavu, inashika sehemu moja na kuacha nyingine, unapata mabonge.

Kikombe cha maji matupu kikiwa ndicho kilichoshika, umepitiliza chumvi. Wengi hawaamini mpaka waone: sabuni inaongezewa maji, nayo inakuwa nzito. Sababu yake ni hii. Chembechembe za slesi, ile rojo nzito ambayo wengine huiita ungarol, hujikusanya ndani ya maji. Chumvi kidogo huzifanya zijipange kama nyuzi ndefu zinazosokotana, na msokotano huo ndio uzito unaouona. Uzito hupanda hadi kileleni, kisha kila punje ya chumvi inayozidi inaanza kuuvunja. Mwishowe sabuni inakuwa nyepesi, inapoteza uangavu, hata kujitenga. Ukiongeza maji, asilimia ya chumvi inashuka na sabuni inarudi kuelekea kileleni. Ikiwa imepitiliza sana, maji peke yake hayatatosha. Yeyusha slesi nyingine kwenye maji yasiyo na chumvi, ukaichanganye humo.

Vikombe vyote viwili vikibaki maji, tatizo ni kwamba malighafi yenyewe ni kidogo. Hakuna chumvi itakayoshikisha maji yaliyo na slesi ya kunusa tu. Hapa ongeza slesi, au CDE, malighafi nyingine ya sabuni itokanayo na mafuta ya nazi, ambayo inasaidia uzito na kulifanya povu lidumu.

Kuna sababu moja inayosahaulika: manukato. Kuna mafuta ya manukato yanayovunja uzito wa sabuni iliyokuwa imeshika vizuri kabisa. Ikiwa sabuni ililegea dakika chache baada ya kutia harufu, usiilaumu chumvi. Safari nyingine tia manukato kwanza, chumvi iwe ya mwisho, ili uzito uupime kila kitu kikiwa tayari kimo ndani.

Inawasha mikono, au mikono inakauka na kuchubuka

Usianze kwa kuongeza glisirini. Glisirini inapunguza ukavu, lakini haiondoi asidi wala magadi yaliyozidi. Pima pH kwanza. Changanya sehemu 1 ya sabuni na sehemu 9 za maji ndipo uchovye karatasi, kwa sababu sabuni nzito yenye rangi huichafua karatasi ukasoma uongo. Sabuni ya vyombo ikae karibu na 7, iwe chini kidogo au juu kidogo.

Ikisoma 4 au chini, salfoniki haijamalizwa. Salfoniki ni asidi kali, na haiwi sabuni mpaka ikutane na alkali ya kuitosha: kilo 1 inahitaji takriban gramu 160 za soda ashi (magadi ya unga), au takriban gramu 120 za kostiki soda. Wengi hukosea kwa kubadilisha moja kwa nyingine bila kubadilisha kipimo. Yeyusha soda ashi kidogo kwenye maji, ongeza kwa awamu, upime kila mara.

Ikisoma 9 au zaidi, alkali imezidi. Yeyusha asidi ya sitriki kwenye maji, ongeza kidogo kidogo mpaka ishuke.

Na ikisoma 7 lakini bado inawasha? Basi ni kali mno kwa kukosa maji, au tatizo ni manukato. Tengeneza kikombe kimoja kisicho na harufu yoyote, ukitumie siku tatu, ngozi itakwambia.

Chupa zimevimba

Mtu amejaza chupa zake jioni, asubuhi zimetuna kama zinataka kupasuka. Mara nyingi ni hewa ya kaboni dioksaidi. Soda ashi ikikutana na asidi hutoa hewa hiyo, ndiyo ile michemko unayoiona ukichanganya. Ukifunga kabla haijaisha kutoka, inaendelea kutokea ndani ya chupa. Hutokea hasa kwa aliyeweka soda ashi nyingi kisha akairekebisha kwa asidi. Fungua chupa taratibu, rudisha sabuni kwenye ndoo, iache saa 24 ikiwa imefunikwa kwa kitambaa tu.

Chupa ikivimba baada ya wiki kadhaa, na ndani kuna harufu ya uchachu, hiyo si soda ashi. Ni vijidudu.

Inanuka, imepauka, ina madoa meusi

Sabuni inaoza. Watu wanashangaa kulisikia hili, wakidhani kinachoua uchafu hakiwezi kuingiliwa na uchafu. Lakini sabuni ya maji sehemu kubwa ni maji, na kuna bakteria wanaoishi humo bila shida. Dalili huanza kwa manukato kufifia, kisha rangi kupauka, kisha sabuni kulegea bila kuguswa, halafu harufu ya bovu.

Iliyofika hapo imwage. Usiifunike kwa manukato na usiichemshe upya. Unaosha nayo vyombo vya kulia chakula, na ndani ya nyumba kuna watoto.

Sababu ya kwanza ni maji. Tumia maji yaliyochemshwa yakapozwa yakiwa yamefunikwa. Ya pili ni vyombo: dumu lililobaki na mabaki ya sabuni ya zamani linaambukiza sabuni mpya, kwa hiyo usijazie juu ya masalia. Ya tatu, ambayo ninaomba msomaji aizingatie, ni kutia vitu vibichi kama maji ya limau, mshubiri uliosagwa au maganda ya machungwa. Vinavutia, vinanukia siku ya kwanza, lakini ni chakula cha vijidudu. Ukitaka ukali wa limau tumia asidi ya sitriki ya unga.

Kuhusu kihifadhi, wengi hununua sodiamu benzoeti na kuitia kwenye sabuni yenye pH ya 7 au 8, kisha wanasema haifanyi kazi. Kweli haifanyi, kwa sababu inahitaji mazingira yenye asidi kidogo, pH ya 5 hivi. Ukiitaka, ishushe sabuni hadi hapo kwa asidi ya sitriki, na hapo bado ni salama kwa mikono. Formalini, ambayo mapishi mengi huitaja, mimi siishauri kwa nyumba. Formaldehaidi iliyomo iliwekwa mwaka 2004 na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Afadhali utengeneze lita 5 zitakazokwisha ndani ya wiki chache kuliko lita 20 zinazohitaji dawa ya namna hiyo.

Imepoteza uangavu, au unga mweupe umetuama chini

Ikipoteza uangavu ghafla wakati unatia chumvi, ni chumvi. Rudi kwenye vile vikombe viwili. Ikiwa unga mweupe umetuama chini, tazama maji yako. Maji magumu yana kalsiamu, na soda ashi huishika kalsiamu hiyo na kuigeuza kuwa kama chokaa. Si sumu, ila inachafua sura ya sabuni. Dawa yake ni kuyeyusha soda ashi siku moja kabla, kuiacha itulie, na kutumia maji ya juu yaliyo safi. Maji ya mvua yaliyochujwa nayo yanafaa.

Povu dogo si ugonjwa. Povu haliondoi mafuta, linaonekana tu. Ikiwa sahani inatakata na haitelezi, sabuni inafanya kazi.

Sabuni ya mche: laini, kali, au imejitenga

Hapa tunaingia kwenye kostiki, na kabla ya utatuzi wowote niseme yale yasiyojadiliwa. Kostiki hutiwa kwenye maji, kamwe maji hayamwagwi juu ya kostiki, kwa sababu joto linalolipuka hapo linaweza kurusha mchanganyiko usoni. Usitumie sufuria ya alumini: kostiki inaila na kutoa haidrojeni, hewa inayowaka. Vaa glavu na miwani. Ikikurukia, suuza kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika 20, usipake siki. Mtu akiimeza asitapishwe, asipewe siki wala limau. Asukutue kinywa na apelekwe hospitali mara moja.

Sabuni inayouma ulimi ukiigusa kidogo kwa ncha, au inayosoma pH ya 11 na kuendelea baada ya wiki kadhaa, ina kostiki iliyobaki. Kila mafuta yana kiwango chake. Gramu 100 za mafuta ya nazi zinahitaji takriban gramu 18 za kostiki, lakini gramu 100 za mawese zinahitaji gramu 14 hivi, na za alizeti kama 13 na nusu. Mtu aliyebadilisha nazi kwa alizeti bila kubadilisha kostiki ametengeneza kitu cha kuunguza ngozi. Hesabu kiwango, kisha punguza kostiki kwa asilimia 5 ili mafuta kidogo yabaki. Mche uliozidiwa kostiki unaweza kukwanguliwa, ukayeyushwa kwa moto mdogo na maji kidogo, ukaongezewa mafuta ya kuimaliza.

Laini isiyokauka kwa kawaida ni mambo matatu: maji mengi, mafuta laini matupu kama alizeti, au kostiki iliyokaa wazi ikanyonya unyevu na hewa hadi nguvu ikapungua. Subiri kabla ya kukata tamaa. Mche wa baridi, yaani uliotengenezwa bila kupikwa, unahitaji wiki 4 hadi 6 kwenye hewa ili ukomae.

Tabaka la mafuta likielea juu ya kalibu, hukukoroga vya kutosha. Rojo iwe imefikia kuacha alama juu yake ukiidondosha kutoka kwenye mwiko. Ukiona mapema, rudisha kwenye chombo, pasha moto kidogo, koroga tena. Unga mwembamba mweupe juu ya mche ni magadi tu, kostiki ya juu ilipokutana na hewa, unakwanguka. Madoa ya rangi ya chungwa yenye harufu ya mafuta ya zamani ni mafuta kuchacha; tumia kufulia matambara.

Siki na bekingi soda havisafishi

Haviwezi, vikiwa pamoja kwenye chupa moja. Ule mchemko unaofurahisha macho ni asidi na alkali zinauana. Kinachobaki ni maji yenye chumvi dhaifu ya siki. Mchemko wenyewe unaweza kusukuma uchafu kidogo ndani ya bomba, basi. Vitumie kwa zamu: bekingi soda ya kusugulia kwanza, suuza, kisha siki kama kuna ukoko wa maji magumu.

Siki ikimwagwa kwenye sabuni ya maji iliyotengenezwa kwa mafuta, utaona mabonge meupe kama maziwa yaliyokatika. Asidi imeirudisha sabuni kuwa asidi za mafuta, na hakuna cha kurekebisha. Kwa sabuni ya slesi haitokei hivyo, ndiyo maana jirani yako anafanya na yake inakubali.

Sakafu ya mawe ya marumaru au terazo ikipoteza mng'ao na kubaki na alama zisizofutika, siki imeila. Mawe hayo yana kalsiamu kaboneti, na asidi yoyote inaila, limau likiwemo. Tumia sabuni isiyo na asidi wala magadi makali. Vigae vya kauri havina shida hiyo, ila saruji iliyo kati yake inayo. Sufuria za alumini zikigeuka nyeusi, kosa ni upande wa pili: magadi au bekingi soda ya moto. Chemsha humo maji yenye siki au limau kidogo, rangi hurudi.

Ukiwa na bekingi soda na unahitaji kitu kikali zaidi cha kufulia, itandaze kwenye trei uioke kwa nyuzi 200 za Selsiasi kwa saa moja hivi. Hutoa maji na kaboni dioksaidi, ikabaki soda ashi. Kutoka hapo vaa glavu.

Dawa ya klorini haifanyi kazi, au inakuchoma pua

Hapa ndipo nisipocheka na mtu. Maji ya klorini, ambayo wengi tunayaita jiki, yakichanganywa na siki, limau, dawa ya choo yenye asidi, au salfoniki, hutoa gesi ya klorini. Yakichanganywa na amonia, na mkojo una vitu vinavyotoa amonia, hutoa kloramini. Zote huumiza mapafu, na zinaweza kuua mtu kwenye choo kidogo kilichofungwa. Ukianza kukohoa, macho yakiwaka, toka nje kwanza. Usirudi kuokoa ndoo. Fungua milango kutoka nje na uache hewa ifanye kazi. Usichanganye na spiriti pia. Na chupa hizi zisiwe za soda wala za maji ya kunywa, hata kwa siku moja.

Isipong'arisha wala kuua harufu, angalia umri wake. Klorini huisha nguvu kwa mwanga na joto, kwa hiyo dumu lililokaa kwenye dirisha lenye jua miezi mingi limebaki na jina tu. Iliyokwisha kuchanganywa na maji tengeneza ya siku hiyo. Ikiwa yako ni ya asilimia 5, mililita 20 kwenye lita 1 ya maji hutoa asilimia 0.1, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linakitaja kwa nyuso za nyumbani. Sababu nyingine ni kuimwagia juu ya uchafu. Uchafu huinywa klorini kabla haijafika kwa vijidudu. Osha kwa sabuni, suuza, ndipo uipake, na uache pawe na majimaji kwa dakika 10. Siki haichukui nafasi yake pale unapotaka kuua vijidudu, hasa mgonjwa akiwa nyumbani.

Nguo zimekuwa kijivu na taulo zimekuwa ngumu

Ni sabuni ya mche iliyokwanguliwa ikichanganywa na magadi, ikitumika kwenye maji magumu. Sabuni ya mafuta na kalsiamu hutengeneza utando usioyeyuka, unaokwama kwenye nyuzi na kushika uchafu. Loweka nguo kwenye maji ya moto yenye soda ashi kwa saa chache, suuza mara tatu, utashangaa rangi ya maji yatakayotoka. Sufu na hariri usiziloweke humo, alkali inazila. Baada ya hapo, kama maji yako ni magumu, hamia sabuni ya slesi.

Kioo kina michirizi

Umetia sabuni nyingi, au umepangusa kwenye jua ikakauka kabla hujaifuta. Maji, siki kidogo, spiriti kidogo, na tone moja tu la sabuni, au hata bila hilo tone. Kitambaa kiwe kikavu na kisichotoa nyuzi.